Jinsi ya kupata wachezaji wa bei nafuu wanaolipa katika raundi za mwisho za Fantasy ya Ligi Kuu England

Kila ikifika Aprili swali linalonijia kuhusu Fantasy (mchezo wa mtandaoni wa kununua wachezaji halisi kwa bajeti na kuvuna pointi kwa wanavyocheza uwanjani) ni lilelile: nimebakiwa na raundi saba, nina milioni 1.2 benki, nimnunue nani wa bei ya chini atakayenipa pointi? Mara nyingi anayeuliza ameshakosea hata kabla ya kuuliza. Amepanga wachezaji kwa jumla ya pointi za msimu akachukua wa juu aliyemmudu. Au amenunua mtu wa timu "inayopigania roho yake". Au amekimbilia mfungaji wa juzi bila kuangalia kama alianza au aliingia dakika ya 80. Wiki mbili baadaye anarudi na pointi 2, 1 na 0.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo moja tu, kuanzia takriban raundi ya 31 hadi ya 38. Kanuni ninazozitaja ni za msimu wa 2025/26. Kama bado hujaunda timu wala hujui tofauti ya nahodha na makamu, anza kwanza na hayo.

Jambo la kushika tangu mwanzo: jumla ya pointi za msimu ni mali ya aliyekuwa na mchezaji huyo tangu Agosti. Wewe unanunua mechi zilizobaki. Hatua zote hapa chini zinapima hizo tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Saa nzima ya utulivu, ikiwezekana Alhamisi jioni. Ukifanya haya kwenye daladala dakika kumi kabla ya dirisha la uhamisho kufungwa, utarudi kulekule.
- Ratiba ya mechi zote zilizobaki za timu 20, pamoja na zile za katikati ya wiki.
- Msimamo wa ligi wa siku hiyo.
- Ratiba ya mashindano ya Ulaya na Kombe la FA. Wengi hawaifungui kabisa, na ndiyo inayowaponza.
- Daftari, au jedwali kwenye simu.
- Takwimu za dakika, xG (ubora wa nafasi za kufunga anazopata mchezaji) na xA (ubora wa nafasi anazowatengenezea wenzake). Huna haja ya kulipia popote. Bonyeza jina la mchezaji ndani ya Fantasy yenyewe, utazikuta raundi kwa raundi.
- Bei ya kuuzia ya kila mchezaji wako, kwa sababu nitakazozieleza hatua ya 2.

## Hatua ya 1: Andika muda wa mwisho kwa saa za kwako

Dirisha la uhamisho hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Hilo linajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba Uingereza husogeza saa zake mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na sisi hatusogezi kitu. Raundi ambayo mechi yake ya kwanza ni Jumamosi saa sita u nusu mchana kwa saa za kule, dirisha lake hufungwa saa tano asubuhi yao. Kabla ya mabadiliko hayo, kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa nane mchana. Baada ya mabadiliko ni saa saba.

Kwa Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi, kuanzia Aprili ni saa sita mchana. Kwa aliyeko Muscat ni saa nane.

Nimewahi kuliwa na saa hiyo moja. Nilikuwa na uhamisho wa watu wawili umekaa tayari, nikasema nile kwanza. Niliporudi dirisha lilikuwa limefungwa, na mmoja wa wale wawili akafunga mabao mawili nikimwangalia kibanda umiza. Sahani ya wali ile ilinigharimu nafasi nne kwenye ligi yetu ya washikaji.

Baada ya mabadiliko hayo, raundi ikianza Ijumaa usiku, saa mbili kwa saa za Uingereza, dirisha hufungwa saa mbili na nusu usiku kwa Afrika Mashariki. Weka kengele mbili kwenye simu: moja usiku wa kuamkia siku hiyo, nyingine saa mbili kabla ya dirisha.

## Hatua ya 2: Hesabu ulicho nacho kweli

Andika vitu vinne juu ya ukurasa: raundi zilizobaki, uhamisho wa bure ulionao, kadi maalumu ambazo hujatumia (kama Bench Boost, inayohesabu pia pointi za benchi), na fedha.

Kwenye fedha ndipo watu hujidanganya. Mchezaji akipanda bei ukiwa naye, unapouza unapata nusu tu ya faida, na nusu hiyo hukatwa kuelekea chini hadi 0.1 (bei zote hapa ni kwa milioni). Ulimnunua kwa 5.0, sasa anauzwa 5.7: faida ni 0.7, nusu yake 0.35, wewe unapata 0.3. Utamuuza kwa 5.3. Aliyepanga mipango yake akiamini ana 5.7 atagundua amepungukiwa usiku wa Ijumaa.

Uhamisho wa bure unaweza kuuweka akiba hadi mara tano. Lakini ukibaki nao baada ya raundi ya 38, hauna kazi tena. Fedha ni vivyo hivyo: milioni 3 zilizobaki benki siku ya mwisho ni sawa na tiketi ya basi la jana. Kwa hiyo kuanzia raundi ya 33 hivi acha kabisa kukimbiza mchezaji eti "atapanda bei leo usiku". Kupanda bei kulikuwa na maana Septemba, ulipokuwa bado na miezi ya kuitumia hiyo fedha.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: "Nina raundi 6, uhamisho 3 wa bure, Bench Boost bado, na nikimuuza fulani naweza kununua mtu wa 5.9." Usipoweza, rudia.

## Hatua ya 3: Chuja timu kabla ya kumtazama mchezaji

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usipite haraka. Watu huanza na jina la mchezaji kisha hutafuta sababu za kumpenda. Geuza. Chukua timu zote 20 uzipange katika mafungu kwa maswali matatu: ina mechi ngapi zilizobaki, inacheza nini kingine, na kocha anabadili kikosi mara ngapi?

Timu zenye mguu Ulaya. Timu iliyofika nusu fainali ya mashindano ya Ulaya, huku kwenye ligi haina cha kupata wala kupoteza, ni mtego. Angalia mwaka 2025. Tottenham na Manchester United walikutana fainali ya Europa League tarehe 21 Mei huko Bilbao, Tottenham wakashinda 1-0. Kwenye ligi Tottenham walimaliza nafasi ya 17 na United ya 15. Wiki baada ya wiki vikosi vyao vya ligi vilikuwa vya kubahatisha, kwa sababu macho yalikuwa kwenye mechi za Ulaya za Alhamisi. Ukinunua kiungo wa bei nafuu wa timu ya namna hiyo, unanunua mtu ambaye hata kocha wake hajaamua kama atamhitaji Jumapili.

Bingwa aliyekwisha kujulikana. Liverpool walitawazwa tarehe 27 Aprili 2025 kwa kuwafunga Tottenham 5-1, zikiwa zimebaki mechi nne. Katika hizo nne hawakushinda hata moja: walifungwa na Chelsea 3-1, wakatoka 2-2 na Arsenal, wakafungwa na Brighton 3-2, wakatoka 1-1 na Crystal Palace. Waliojaza wachezaji watatu wa bingwa wakidhani wamejikinga, waliona wenyewe.

Timu iliyoshuka au inayokaribia kushuka. Nina ubishi wa miaka mingi na marafiki zangu kuhusu hili. Wao husema anayezama hupigana. Hupigana, ndiyo, lakini kupigana hakumfanyi mtu ajue kufunga. Kama timu imefunga mabao machache kuliko wote kwa miezi minane, hofu haitaibadilisha kuwa kiwanda cha mabao katika mwezi wa tisa wa msimu. Timu hizi zina matumizi mengine: tafuta nani anakutana nazo. Southampton walishuka mapema Aprili 2025 zikiwa zimebaki mechi saba, na wakamaliza msimu na pointi 12. Kila aliyekuwa nao kwenye ratiba yake alistahili kutazamwa.

Timu ya katikati isiyo na presha, yenye kocha anayesimamia kikosi kilekile. Fungu hili ndilo hudharauliwa zaidi, na ndilo limenilipa kuliko yote. Crystal Palace walimpata kocha Oliver Glasner Februari 2024. Hawakuwa wakipigania ubingwa wala Ulaya. Aprili na Mei wakawafunga Liverpool 1-0 kwao Anfield, West Ham 5-2, Manchester United 4-0, na siku ya mwisho Aston Villa 5-0. Jean-Philippe Mateta, ambaye miezi michache nyuma hakuna aliyemtaja, alifunga mabao matatu siku hiyo na kumaliza ligi na mabao 16. Palace walimaliza nafasi ya 10. Kwa hiyo usemi kwamba "hawana cha kupigania" usikuzuie. Tazama kama kocha anawaamini watu walewale, na kama timu inatengeneza nafasi.

Halafu kuna idadi ya mechi. Timu ikienda mbali kwenye Kombe la FA, mechi zake za ligi zinazogongana na tarehe hizo huahirishwa, na baadaye hubanwa katikati ya wiki. Ndipo baadhi ya raundi timu inakosa mechi kabisa, na nyingine inacheza mara mbili. Mchezaji wa 5.0 mwenye mechi mbili katika raundi moja anaweza kumzidi wa 9.0 mwenye moja. Anaweza, nasema. Kama kocha atamwanzisha moja na kumpumzisha nyingine, mechi mbili zimekuwa moja na robo.

Mwisho wa hatua hii ubaki na timu tano au sita, si zaidi. Ukibaki na kumi na mbili, hujachuja.

## Hatua ya 4: Pima dakika, kisha pima tena

Ndani ya timu ulizobakisha, fungua kila mchezaji mwenye bei unayoimudu. Andika dakika alizocheza katika mechi sita za mwisho za ligi. Jumla kamili ni 540.

Mimi hukata mstari kwenye 450. Aliye chini ya hapo namwacha, isipokuwa ametoka tu kwenye majeraha na amerudi moja kwa moja kuanza mechi mbili mfululizo.

Sababu ni za kikanuni. Kucheza chini ya dakika 60 ni pointi 1, kufika 60 ni 2. Beki anayetolewa dakika ya 58 hupoteza pia pointi 4 za kutofungwa, hata kama timu yake haikuruhusu bao hadi mwisho. Kwa hiyo angalia anatolewa dakika ya ngapi. Kuna mabeki wa pembeni ambao kila wiki ubao wa mabadiliko huinuliwa kwa ajili yao dakika ya 57 au 62, na dakika tano zile ndizo tofauti ya pointi 6 na 1.

Onyo ambalo wengi hulikataa mpaka liwapate: kwenye timu yako, mchezaji anayeingia dakika ya 89 ni mbaya kuliko asiyecheza kabisa. Asiyecheza kabisa, nafasi yake hujazwa na mtu wa benchi lako. Anayeingia dakika moja hukupa pointi 1 na kuzuia benchi lisimwokoe. Wachezaji wa bei ya chini wa timu kubwa ndio mabingwa wa dakika ya 89.

Kuna wakati utavunja sheria hii kwa makusudi. Joe Willock, akiwa Newcastle kwa mkopo mwaka 2021, alikuwa akitokea benchi na bado anafunga. Alimaliza msimu akiwa amefunga katika mechi saba mfululizo za ligi alizoingia uwanjani, akaifikia rekodi ya Alan Shearer wa klabu hiyo. Walioingia mapema walivuna. Ila wengi huikumbuka hadithi ya Willock na kusahau makumi ya wengine walioingia, wakafunga mara moja, wakarudi benchi.

## Hatua ya 5: Tafuta chanzo cha pointi, jina baadaye

Mchezaji wa bei nafuu anahitaji angalau chanzo kimoja cha pointi kinachojirudia. Bao la shuti la mita 30 halijirudii.

Penalti. Ndicho chanzo kizuri kuliko vyote. Cole Palmer wa Chelsea aliingia Fantasy msimu wa 2023/24 kwa bei ya 5.0, na kati ya mabao yake 22 ya ligi, 9 yalikuwa ya penalti. Mwishoni mwa msimu mpigaji wa kawaida anaweza kuwa majeruhi, na fimbo ikashikwa na mtu wa 5.5 ambaye hakuna aliyemwona. Hakikisha tu mtu huyo huwa uwanjani penalti zinapotolewa. Mpigaji aliyeketi benchi ni abiria.

Kona na mipira iliyokufa. Kiungo anayepiga kona zote za upande mmoja ana njia ya asisti hata siku timu inapocheza vibaya. Upande wa pili, tafuta beki wa kati anayepanda kupiga vichwa. Bao la beki ni pointi 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4. Kipa akifunga ni 10, lakini usijenge nyumba juu ya hilo.

Kazi ya ulinzi. Kuanzia msimu wa 2025/26 beki akifikisha jumla ya vitendo 10 vya kuondosha mpira, kuzuia shuti, kukata pasi na kupokonya, hupata pointi 2. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji 12, na kwao huhesabiwa pia mipira iliyookotwa. Hii imebadilisha soko la bei ya chini. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa dakika zote tisini, ambaye zamani alikuwa takataka ya benchi, sasa anaweza kukupa pointi 4 siku ambayo timu yake imefungwa bao moja. Kwa kiti cha beki wa nne au wa tano mimi humpenda huyu kuliko beki wa pembeni mwenye jina kubwa anayetolewa mapema.

Usisahau upande wa makato: kila mabao mawili timu inayoruhusu, beki na kipa hukatwa pointi 1. Timu inayofungwa nne kila wiki itazila zile 2 zote.

Makipa. Kila michomo mitatu anayookoa ni pointi 1. Kipa wa timu dhaifu huokoa mingi. Sipotezi usingizi hapa: kipa anayecheza, wa bei ya chini, yatosha.

Ukitazama xG, tazama mechi sita za mwisho, usiishie kwenye mabao. Mwenye mabao manne kwa xG ya 1.3 amekuwa na bahati, na bahati hiyo umeikosa wewe. Mwenye bao moja kwa xG ya 3.1 anakosa, lakini anafika. Nampendelea anayefika.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya thamani bila kujidanganya

Wengi hugawa pointi kwa bei. Njia hiyo humpendelea daima mchezaji wa bei ya chini, kwa sababu kila anayecheza dakika 60 hupewa pointi 2 za bure. Kinachokupandisha kwenye ligi ni zile za ziada. Tena viti vya uwanjani ni 11 tu, huwezi kujaza watu wa pointi 3 ukashinda.

Fanya hivi: chukua wastani wa pointi zake kwa mechi katika mechi sita za mwisho, toa 2, kisha gawa kwa bei yake ya sasa.

Mfano, wachezaji watatu wa kubuni:

- Wa kwanza, bei 5.1, pointi 21 katika mechi sita. Wastani 3.5. Toa 2, inabaki 1.5. Gawa kwa 5.1: 0.29.
- Wa pili, bei 6.8, pointi 27. Wastani 4.5. Inabaki 2.5. Gawa kwa 6.8: 0.37.
- Wa tatu, bei 12.5, pointi 42. Wastani 7. Inabaki 5. Gawa kwa 12.5: 0.40.

Kwa njia ya kawaida ya kugawa pointi kwa bei, wa kwanza angeongoza kwa 0.69 na wa tatu angekuwa wa mwisho kwa 0.56. Kwa njia hii mpangilio umepinduka. Huu ndio ukweli usiopendwa kuhusu wachezaji wa bei nafuu: mara nyingi kazi yao ni kukupa fedha za kumnunua ghali anayelipa. Kwa hiyo wapime kwa jozi. Nikimuuza wa 8.0 asiyefanya kitu na kumchukua wa 5.1, zile 2.9 zilizobaki zinanisogeza kwa nani?

Mechi sita ni chache, na bao moja la bahati hubadili kila kitu. Ndiyo maana hesabu hii inakuja baada ya dakika na vyanzo. Anayeshinda hesabu lakini alianguka hatua ya 4 hapati nafasi ya pili.

## Hatua ya 7: Pekua kadi, mikopo na majeraha

Kadi za njano kwanza. Mchezaji akifikisha njano 10 hadi mechi ya 32 ya timu yake hufungiwa mechi mbili. Baada ya mechi ya 32 mstari huo haupo tena, na kinachobaki ni njano 15, adhabu yake mechi tatu. Kwa hiyo kiungo mkabaji mwenye njano 9 ni hatari raundi ya 31, lakini timu yake ikishamaliza mechi 32 unaweza kumchukua bila wasiwasi.

Hesabu mechi za timu, usihesabu raundi za Fantasy. Timu yenye kiporo inaweza kuwa nyuma.

Pili, aliye kwa mkopo kutoka timu nyingine ya Ligi Kuu haruhusiwi kucheza dhidi ya klabu inayommiliki. Willock yule yule alikaa nje Newcastle walipocheza na Arsenal katikati ya mfululizo wake. Tazama ratiba.

Tatu, alama ya njano ya asilimia 75 (uwezekano wa kucheza ambao Fantasy huuonyesha kwenye jina la mchezaji) isikutishe wala isikutulize. Soma kocha alisema nini. "Tutamtazama" mwishoni mwa msimu, kwa timu isiyo na haja ya pointi, mara nyingi humaanisha hatacheza.

## Hatua ya 8: Amua kama inafaa kukatwa pointi 4

Uhamisho wa ziada hugharimu pointi 4. Gawa 4 kwa raundi zilizobaki. Zikibaki nane, mchezaji mpya anatakiwa amzidi wa zamani kwa nusu pointi tu kila raundi ili urudishe pointi zako. Zikibaki tatu, anatakiwa kuzidi kwa 1.33. Ikibaki moja, kwa 4 nzima, na hiyo ni kama kuomba bao. Hivyo kama una makato ya kufanya, yafanye mapema. Raundi ya 37 na 38 mimi hukubali kukatwa pale tu ninapobadili mtu ambaye hatacheza kabisa na benchi langu halina wa kumziba.

Halafu angalia upo wapi. Ukiwa unaongoza ligi yenu kwa pointi 40 zikiwa zimebaki raundi nne, fungua timu ya anayekufuata na uwe na wachezaji wake wakubwa. Inachosha, lakini hawezi kukupita kwa mtu mliye naye wote. Ukiwa nyuma kwa 30, gawa kwa nne: unahitaji 7.5 zaidi yake kila raundi. Hiyo hupatikana kwa wachezaji wawili au watatu asionao yeye, pamoja na nahodha mmoja tofauti mwenye sababu. Kubadili watu wanane kwa hasira ya Jumapili usiku huongeza pengo.

Kuhusu kadi maalumu nitasema kwa kifupi. Bench Boost itunze kwa raundi ambayo timu nyingi zina mechi mbili, na Wildcard (kubadili timu nzima bila kukatwa pointi) itangulie raundi moja au mbili kabla yake ili benchi lijae watu wanaocheza. Free Hit (timu ya muda ya raundi moja tu) ni ya raundi ambayo timu nyingi hazina mechi. Kadi isiyotumika hadi raundi ya 38 imekufa.

## Hatua ya 9: Kagua siku ya mwisho, kisha funga

Makocha wengi huongea na wanahabari Alhamisi na Ijumaa. Usifanye uhamisho Jumatatu ukiwa bado na mechi za katikati ya wiki mbele. Raundi ikianza Ijumaa, baadhi ya makocha watakuwa hawajasema chochote dirisha likifungwa. Kati ya wawili wanaolingana, mchukue yule ambaye kocha wake ameshaongea.

Panga benchi kwa utaratibu: wa kwanza awe mwenye uhakika mkubwa wa dakika, hata kama jina lake halivutii. Kumbuka timu lazima ibaki na mabeki watatu na viungo wawili angalau, hivyo mshambuliaji wa benchi hawezi kumziba beki ukiwa na mabeki watatu tu uwanjani. Makamu wa nahodha awe mtu wa timu nyingine.

Kazi ikiwa imekwenda vizuri, utakuwa na watu 11 ambao kila mmoja ana dakika zaidi ya 450, chanzo cha pointi unachoweza kukitaja, na mechi unazozijua hadi mwisho. Usitegemee kila mmoja afunge. Mtu wa 5.0 anayekupa wastani wa 4 kwa raundi sita amefanya kazi yake, na atakuwa na raundi mbili za pointi 2 humo ndani. Usimuuze baada ya hizo mbili.

Raundi ya 38 ina tabia yake. Mechi zote kumi huanza kwa pamoja Jumapili, kwa kawaida saa kumi jioni ya Uingereza, ambayo ni saa kumi na mbili jioni Afrika Mashariki. Dirisha hufungwa saa kumi na nusu. Vikosi rasmi hutangazwa likiwa limeshafungwa, kwa hiyo "kikosi kilichovuja" utakachotumiwa saa kumi na robo ni uvumi mpaka kithibitike, na mwaka hata mwaka huwa kuna mtu kwenye ligi yetu anayemtoa nahodha wake kwa ajili ya picha ya namna hiyo. Tumia uhamisho wote uliobaki, maliza fedha, na kama bado hujaichezesha Bench Boost, ibonyeze.